Uzi Mdomoni mwa Bobini

Wifi yangu na mimi hatupendani, na hatujawahi kujisumbua kuficha. Alipoolewa na kaka yangu alikuja na cherehani, meza ya kukatia na mdomo usiojua kupumzika. Mtaa mzima unamwita Mama Vipimo, kwa sababu hahitaji utepe: ukipita tu mbele ya duka lake ameshajua kiuno kimeongezeka, na atakwambia mbele za watu. Ni fundi hodari, hilo simnyimi. Mimi nilikaa kona ya duka lake nikitia vifungo na kupiga pasi, na kwa miaka yote hiyo alinishonea nguo moja tu, nayo ilinibana makwapani. Nina hakika alikusudia.

Panya walipoanza kutoboa vitambaa vya wateja, akaleta paka jike, mdogo, wa kijivu. Tukamwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi cha cherehani. Mama Vipimo alikuwa na sheria yake: paka akishiba hawindi. Basi Bobini alipewa maziwa kifuniko kimoja asubuhi, na mpaka kesho. Nilimwambia kwamba paka huwinda hata akiwa ameshiba, kwamba maziwa yanamharisha, kwamba anahitaji nyama, maji safi na chanjo. Akanijibu kwamba yeye amezaa na kulea, mimi nimelea nini? Sina mtoto, na kila anapoishiwa hoja hukimbilia hapo. Nikawa namwekea Bobini maji chini ya meza ya pasi.

Tena Mama Vipimo alikuwa akila palepale kwenye cherehani. Anachambua samaki kwa vidole, anashika uzi kwa vidole vilevile, anakata, anaangusha chini. Kufagia ni jioni. Paka mwenye njaa na uzi unaonuka samaki, hapo unahitaji mganga wa kukutabiria?

Adhuhuri moja nikaona uzi mweupe unaning'inia mdomoni mwa Bobini. Alikuwa akijaribu kumeza, anakwama, anatikisa kichwa. Nikasema tusiuguse, tumpeleke kwa daktari wa mifugo. Wifi akacheka.

"Maisha yangu yote navuta uzi. Huu ndio utanishinda?"

Akamshika shingo, akavuta. Bobini alilia mpaka mteja mmoja akatoka nje. Uzi ukakatika. Mama Vipimo akautupa na kuniambia nipunguze maneno, vifungo vinaningoja. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini pale aliyekuwa akifa hakuwa mwenye sikio.

Kesho yake Bobini hakula. Alitapika maji ya manjano, akajificha nyuma ya marobota. Nikamtia kwenye kapu nikatoka naye, na Mama Vipimo akanifuata. Si kwa huruma. Alitaka kumsikia daktari akinicheka. Daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani, alimpapasa tumbo, akamfungua mdomo, akatuonyesha uzi uliojizungusha chini ya ulimi. Akaeleza kwamba ncha moja imenasa hapo, nyingine imeteremka tumboni, na utumbo umejikusanya juu ya uzi.

"Kama marinda," nikasema.

"Kama marinda hasa. Ukivuta, uzi unaukata utumbo. Nani alivuta?"

Wifi yangu, ambaye huvuta marinda kila siku ya Mungu, aliangalia ukuta. Daktari akauliza paka ni wa nani, maana mwenyewe lazima akubali apasuliwe, kisha amtunze.

"Wa dukani," akasema Mama Vipimo. "Akifa tutaleta mwingine."

Nilitamani kumzaba kofi. Nikasema, "Ni wangu."

Bobini alipona. Nikamhamishia chumbani kwangu, na mwenyewe nikaondoka dukani. Ana kasha la mchanga ninalolisafisha kila siku, ana maji na nyama, amechanjwa, amefungwa kizazi. Sindano na nyuzi zangu zinalala ndani ya kopo lenye kifuniko. Siku hizi natia vifungo kwa fundi mwenye duka la pili kutoka la wifi, makusudi, ili anione.

Juzi akabisha hodi. Panya walikuwa wametafuna gauni la bibi harusi. Alisimama mlangoni macho mekundu, akaniita wifi yangu kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Akaomba paka. Akaahidi kumlisha, akaahidi kufagia. Mimi nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu tangu kwa daktari, maneno ya kumtosha mpaka uzeeni. Kabla sijafungua mdomo, Bobini akatoka chini ya kitanda, akanipita kama hanijui, akaenda kujisugua miguuni pake huku akikoroma kwa raha. Nilimchukia yule mnyama kwa muda mfupi. Mama Vipimo akachuchumaa, akampapasa kichwa, kisha akaniangalia.

"Ananipenda," akasema.

"Najua. Ndiyo maana hakukung'ata ulipokuwa unavuta."

Nikamwinua Bobini, aliyekuwa akipigana kunitoka mikononi, nikafunga mlango.