Gari la Majivu

Enzi zetu, na ninyi wenzangu mliokulia Ujiji ni mashahidi, gari la familia halikuchaguliwa kwenye simu. Wanangu leo wanajilaza kwenye kochi, wanasogeza picha kwa kidole. Huyu anataka lenye dirisha la juu, yule anauliza kama kila siti ina pa kuchajia simu, na hakuna hata mmoja anayeuliza bibi yao atapandaje. Sisi gari letu la kwanza tulilichagua tukiwa uani, tumekaa kwenye vigoda ndani ya mstari wa majivu. Ningependa kuwasimulia nikicheka, maana kwa kweli ilichekesha. Lakini kila nikifika katikati ya kisa hiki nafsi inanisuta.

Tulikuwa tunakaa Kasingirima. Baba alikuwa karani wa reli. Mama aliuza dagaa na mawese sokoni, na mawese yale yalikuwa yamemganda mpaka kwenye kucha; hata akikukumbatia siku ya Idi unasikia harufu yake. Bibi, mama yake baba, tulimchukua kutoka Kasulu mguu wake mmoja ulipokakamaa ukawa haukunjiki. Watoto wa kuzaliwa tulikuwa watatu: kaka Hamisi, mimi Tatu, na Sudi kitinda mimba. Halafu alikuwepo Goreti.

Goreti alikuja mwaka ule Warundi walipokuwa wakishuka ufukweni kila siku, mitumbwi imejaa magodoro, masufuria na watoto. Katika kukimbia alipotezana na mama yake. Mama yangu alimkuta sokoni akiokota dagaa waliomwagika chini ya meza, akamshika mkono akaja naye nyumbani. Alinizidi mwaka mmoja. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, ila na bibi walielewana tangu siku ya kwanza, kwa sababu Kiha na Kirundi ni ndugu. Bibi akimwamkia "Mwakeye," Goreti ameshapiga goti. Kwenye rede hakuna aliyemlenga akampata. Alinifundisha kusuka, tukavaliana nguo, muhogo wa kuchoma tuligawana hadi ile sehemu iliyoungua, ambayo sote wawili tuliipenda. Nikiugua, yeye ndiye aliyekuwa anakaa nami akinipepea kwa kipande cha boksi. Nayasema haya mjue kwamba sikuwa namchukia.

Baba alikuwa amejibana miaka mingi, na mwaka huo akasema sasa tunanunua gari. Yalikuwepo mawili ambayo mfuko wake ungeweza. La kwanza lilikuwa Mwandiga, kwa mfanyabiashara wa mihogo: refu, lina benchi la tatu nyuma, lakini rangi imebabuka na dirisha moja limezibwa kwa ubao. La pili lilikuwa Bangwe, la mtumishi wa serikali aliyekuwa anahamishwa: dogo, jekundu, linang'aa, na lina redio ya kaseti. Lile la Mwandiga lilitaka baba auze na baiskeli yake juu. La Bangwe akiba yake ilitosha, abaki kusaini tu.

Mnadhani baba alitupeleka kuyatazama? Alikwenda peke yake na kamba ya katani, akayapima yote mawili ndani, kila siti fundo lake. Akarudi, akachota majivu jikoni kwa kopo, akalichora gari zima uani kwa vipimo vyake. Matofali yakawa milango. "Macho yanapenda rangi," alituambia. "Mimi nataka kujua makalio yatakaa wapi."

Siku ya kwanza akachora la Mwandiga. Tukaingia wote saba, bibi akanyoosha mguu wake, Goreti akakaa nyuma kabisa juu ya ndoo iliyofudikizwa kwa sababu vigoda vilikuwa sita, na bado ikabaki nafasi ya magunia ya dagaa ya mama. Baba alishika sinia kama usukani, akapiga honi kwa mdomo. Sijawahi kumwona bibi akicheka vile. Majirani walisimama barabarani kutazama watu wazima wanaosafiri bila kwenda popote.

Lakini Hamisi alikuwa amelipitia lile jekundu kule Bangwe, akanisimulia ile redio. Nikaanza kujiona nashushwa shuleni, kaseti inaimba, wenzangu wanakodoa macho. Lile lenye ubao dirishani likanitia aibu hata kabla halijanunuliwa.

Siku ya pili baba alipochota majivu kuchora la Bangwe, nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu. Nilikwenda kwenye mtungi, nikamwaga maji yote kwenye tuta la mchicha la mama. Kisha nikamwambia Goreti, "Maji yamekwisha." Hakuuliza. Alichukua ndoo ileile, akaenda.

Tukaingia. Baba na mama mbele, nyuma bibi na mguu wake, Hamisi, na mimi nimempakata Sudi. Tulibanana kama samaki wa kopo, lakini tukaenea.

"Na Goreti?" bibi akauliza.

Mimi ndiye niliyejibu. "Goreti si anarudi kwao, bibi? Gari tutabaki nalo sisi."

Baba alitazama mafundo ya kamba yake. Mwaka ule kila mtu mjini alikuwa anasema hivyo, kwamba hawa ni wageni wa mwezi mmoja, kwao kukitulia wataondoka. Tulisema mvua za kwanza zikija, tukasema mavuno yakiisha. Baiskeli yake imeegemea ukuta, anaipenda. "Kweli," akasema. "Watarudi tu."

Tulipogeuka, Goreti alikuwa amesimama nyuma yetu na ndoo kichwani. Njia ya kwenda jikoni ilipita katikati ya lile gari. Akatutazama tulivyobanana, akauliza, "Mmeenea?"

"Ego, mwana wanje," bibi akamjibu kwa sauti ndogo, yaani ndiyo, mwanangu.

Goreti akazunguka. Alipita ukutani, akibana miguu, tone la maji lisidondoke kwenye majivu, akaenda kujaza mtungi. Mimi nilikuwa natazama kwingine.

Basi likaja lile jekundu, na redio yake. Kila safari Goreti alibaki kulinda nyumba. Mwaka ukapita, hakurudi kwao, wala wenzake hawakurudi. Makambi yakawa makubwa zaidi. Tulikuwa tumeshanunua.

Halafu ikaja harusi Kasulu. Tulikaa siku tatu. Tuliporudi, jirani yetu Mama Shabani alitupokea barabarani. "Mama yake Goreti alikuja!" akasema. "Mama yake mzazi! Alikuwa kambini muda wote. Waliwangoja siku mbili, mama, wamekaa hapo kizingitini. Leo asubuhi kapata lori la kurudi kambini, wakaondoka. Kawasalimu wote, mmoja mmoja."

Ufunguo ulikuwa kwa Mama Shabani. Ndani palifagiliwa, mtungi umejaa pomoni. Tukatokea uani.

Goreti alikuwa amechora gari. Kwa majivu, kubwa kuliko la Mwandiga, matofali yote ya milango yakiwa mahali pake. Ndani kapanga vigoda vyote sita vya nyumbani, cha bibi kikiwa pembeni na nafasi ndefu ya mguu mbele yake. Na nyuma kabisa, ile ndoo, imefudikizwa.

Mama alikaa kizingitini akalia. Baba alitoka akaliegesha lile jekundu nje ya ua, na huko nje likabaki mpaka mvua ilipoyafuta yale majivu. Bibi alijaribu kunifariji, akaniambia kama Goreti angekuwa na sisi Kasulu, mama yake asingemkuta. Ni kweli. Lakini mimi sikumwacha ili amwone mama yake.

Nilipokuwa mtu mzima nilikwenda kambini kumuulizia. Niliambiwa walishahama, wengine wamerudi Burundi, wengine wako nchi ambazo sikuzijua. Bado nafsi yangu inanidai samahani ambayo sina wa kumpa.

Wiki iliyopita dalali wa magari alinipigia simu. "Mama, mko wangapi?" Kabla sijajibu, binti yangu akadakia kutoka kwenye kochi, "Watano! La siti tano linatutosha. Dada Editha si anabaki kulinda nyumba?" Editha ndiye anayetusaidia kazi, mwaka wa nne sasa. Alikuwa mlangoni na beseni la nguo.

Nilimwambia dalali nitampigia. Nikaenda jikoni kuchota majivu, na sisi siku hizi tunapika kwa gesi. Nyumba nzima haina majivu ya kujaza hata kiganja. Nikachukua bakuli la unga wa muhogo, nikatoka nje, nikaanza kuchora. "Mama unamwaga unga!" watoto wakapiga kelele, wakashika simu zao kunipiga picha.

Nikamwita Editha kwanza.