Sproketi Kubwa ya Nyuma

Harufu ya grisi ya cheni iliyopata moto hunirudisha uani kwetu Kagongwa, mama amechuchumaa kando ya pikipiki yake. Bodaboda wa kijiweni walikuwa wamemwambia atapaki nao siku atakapomshinda mwenyekiti wao kwa mbio za kutoka kijiweni mpaka geti la kiwanda cha pamba. Wote walifunga sproketi ndogo, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, nyuma ili wapate spidi kubwa, hata kama pikipiki ilichelewa kuondoka.

"Mayu, geti si lile pale?" nilimuuliza mama. "Hiyo spidi wataifikia wapi?"

Mama alinitazama, akacheka, kisha akafungua tairi la nyuma na kufunga sproketi kubwa kuliko zote za dukani.

"Hiyo ni ya magunia!" mwenyekiti alimtania asubuhi ya mashindano. "Mama, leo unabeba mpunga?"

"Nakubeba wewe, baba."

Kitenge cha kuanzishia mbio kiliposhushwa, pikipiki ya mama ilinyanyua tairi la mbele ikachomoka, mwenyekiti akabaki kwenye vumbi. Iliishiwa pumzi karibu na geti, lakini hakuna aliyekuwa karibu kiasi cha kumpita.

Mwenyekiti aliporudi kijiweni, alisukuma pikipiki yake juani.

"Sogeeni," aliwaambia wenzake. "Mama apaki kivulini."