Chepchirchir Anatafuta Neno la Baji Yake

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelalia mashamba ya chai ya Kapsoit, na Chepchirchir anapangusa meza za nyumba ya wageni anakofanya kazi. Gari linaingia langoni. Anafuta mikono kwa aproni, anatoka nje na kumtazama mwanamke anayeshuka: mvi kidogo, viatu vya chini, yuko peke yake.

"Karibu, lady," anasema.

Angeweza kusema miss, madam au missis. Miss anawaachia wasichana. Madam, huku kwetu, ni mwalimu wa shule. Missis, lazima bwana awe mahali fulani. Lady halimuulizi mtu kitu.

Zamani yeye mwenyewe aliuliza. Huku mwanamke huheshimiwa kwa jina la mtoto wake, kwa hivyo alipoanza kazi alimuuliza kila mgeni, "Wewe ni mama nani?" Siku moja mgeni akatazama chini, akasema hana mtoto. Chai yake ikapoa bila kuguswa.

"Niliumia kama nimejiuliza mwenyewe," anasimulia.

Maana Chepchirchir, mwenye miaka hamsini na minane, hakujaliwa mtoto wala hakuolewa. Wenzake wa rika ni Mama Kiplimo, Mama Cheptoo. Yeye ni Chepchirchir tu, hata kwa vijana aliowabeba mgongoni. Wengine humwita anti, lakini anti ni kila mtu.

Haya, nikutegee: vazi gani hujishonei, unavishwa na majirani? Hilo ni jina, na la Chepchirchir limembana miaka mingi.

Wiki hii mwenye nyumba, Velma Obure, anawatengenezea wafanyakazi baji za kifuani. Kila mmoja aseme kabla ya Ijumaa wageni wamwite nani. Mpishi, Nyamwange, alijibu papo hapo kwamba yeye ni Chef. Chepchirchir bado.

"Weka miss," Nyamwange anamchokoza kutoka jikoni.

"Miss, na hizi mvi zote?"

"Sasa utaweka nini? Lady ni mtu wa viatu virefu. Wewe ni wa gamboti."

Chepchirchir anaendelea kupanga vikombe. "Gamboti ni ya matope, Nyamwange. Jina ni ya mtu."

Nyamwange anarudi kwa sufuria zake.

"Nimewapa wengi hiyo neno," Chepchirchir ananiambia baadaye, sauti chini. "Naona vile mabega yao inanyooka. Mimi sijawahi kupewa na mtu."

Mchana anabisha mlango wa Velma. Anamwambia aandike Lady Chepchirchir. Velma anamtazama kidogo, anauliza tu kama herufi ziwe kubwa. Ziwe kubwa, anajibu.

Wenzake watakuwa wakizivua baji jioni na kuziacha kwa droo. Yeye ana mpango mwingine.

"Nitaenda nayo nyumbani," anasema. "Nitapita katikati ya soko, polepole, ndio wapate nafasi ya kusoma."