Kiungo Alichokikaza Projest

Ukifika Songambele ukauliza nyumba ya Projest, utaulizwa kwanza: Projest yupi, wa pikipiki au wa molekuli? Wa pikipiki ni mtu wa maana, ana pikipiki. Huyu wetu ni wa molekuli. Kijiji kizima hakuna aliyekuwa amelisikia neno hilo mpaka alipolileta yeye likizo moja, na waliolielewa haraka walikuwa wachache sana. Wa kwanza kupotea ni mimi niliyeishia darasa la sita, tena nikiwa nimekaa dirishani naangalia nje.

Nilivyokuja kueleweshwa, iko hivi. Dawa yoyote, ukiisaga ukaisaga mpaka pasiwe na cha kusaga tena, unabaki na kidude ambacho jicho halikioni. Kina kichwa, kina mkia. Kazi ya Projest ilikuwa kukitengeneza kidude hicho kwenye chupa, halafu kukibadilisha: mwezi huu akikate hapa, mwezi ujao akipachike mkia mwingine, aone kama sasa kinaua vijidudu vya malaria vizuri zaidi au ndiyo amekiharibu kabisa. Ni kama fundi baiskeli anayebadilisha kitu kimoja kimoja, ila baiskeli ya huyu haionekani na mwenyewe haruhusiwi kuipanda. Kila kidude kipya alikipa namba. Namba moja ilitoka kwenye majani ya mti. Alifika namba mia na kumi na mbili.

Na majani yenyewe yalitoka kwa shangazi yake.

Shangazi Mackrine, dada wa baba yake, ndiye mwenye dawa ya homa. Watu wanakwenda zahanati, wanapewa vidonge, wanameza, halafu wanapita na kwake, maana mtu mwenye mtoto anayechemka hachagui mlango. Mti wake uko nyuma ya migomba, na jina lake hajawahi kulitamka mbele ya mgeni. Projest alikulia kwenye moshi wa jiko hilo. Kila homa alibanwa pua akanyweshwa kikombe kichungu, akapona, akaenda shule, akafaulu, akafika chuo Dar es Salaam, akavishwa koti jeupe. Siku moja, katikati ya chupa zake, akakikumbuka kikombe.

Akaja nyumbani. Alivaa glavu, akabeba mifuko ya plastiki, kamera na karatasi ya ridhaa. Na haraka alikuwa nayo, maana basi la Bukoba lilikuwa linaondoka Omurushaka saa nane.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Hizo umevaa za nini? Majani yangu yana ukoma?"

"Ndiyo utaratibu. Weka dole gumba hapa."

"Nikishaweka?"

"Majani yanakwenda maabara. Dunia nzima itapona."

"Dunia nzima! Na wewe utarudi lini?"

"Nitakupigia simu."

Shangazi akamwangalia kama anayengoja mtu amalize sentensi. Projest alikuwa ameshamaliza. Basi akamchumia majani, akamwonyesha namna ya kuyachemsha mpaka yalale na kuyachuja, akaweka dole lake pale alipoonyeshwa. Kijana akapanda boda huku koti linapepea utadhani bendera ya wilaya.

Simu alipiga kweli. Kila Krismasi.

Kule maabara aliyachemsha, akayachuja, akatenga hiki na kile miaka mitatu mpaka akakipata kidude chake, namba moja. Akakimwaga juu ya vijidudu vya malaria. Vijidudu vikalewa kidogo, kesho yake vikaamka na hamu ya kula. Mkuu wake, Profesa Desderius, akasema kidude dhaifu hakitupwi, kinaboreshwa. Projest akakipima akaona kasoro: pale kichwa kinapoungana na mkia, kiungo kimelegea. Ukikichezea kidogo tu, kinavunjika vipande viwili.

"Ugonjwa uko hapa," akasema. "Kinavunjika kabla hakijafanya kazi. Tukikaze."

"Una hakika?" Desderius akamwuliza. "Labda tuangalie na vipande."

"Vipande vya nini? Wewe gari likivunjika unapanda mlango?"

Alimshinda kwa mdomo. Maneno matamu anayo, ametoka kwetu. Miaka mitano ikaishia kwenye kukaza kiungo. Namba sitini na tatu iliua vijidudu vyote, ikaua na panya wote waliokuwa wanatibiwa. Namba themanini na nane ilikataa kuyeyuka, ikapita matumboni kama kokoto. Mia na kumi na mbili ndiyo iliyobeba matumaini: haikudhuru panya, iliyeyuka vizuri, na kiungo chake kilikazwa kama nati ya trekta. Wafadhili wakasema, tuonyesheni panya mmoja aliyepona, mwisho Juni, la sivyo tunafunga.

Panya walipewa dawa. Wakafa na malaria yao, dawa ikiwa damuni nzima kabisa, haijavunjika hata kidogo.

Mradi ukafungwa mwaka jana. Projest akarudi Songambele na begi moja, umri miaka arobaini na mitatu. Mkewe Edith alibaki Dar, kwa muda. Muda wenyewe hakuna aliyeutaja.

Kijijini hatukumhurumia. Dukani siku moja, Cassian wa boda alimwona anakuja, akasimama kabisa.

"Profesa, shikamoo! Nina homa. Ninywe namba ngapi?"

"Nyamaza, Cassian."

"Mia na kumi na mbili, au nisubiri mia na kumi na tatu? Panya wangu wa stoo nao wanaulizia."

Watu walicheka mpaka mwenye duka akamwaga sukari aliyokuwa anapima. Ulikuwa utani mzuri, lazima usemwe. Projest alichukua sukari yake kilo moja akaipeleka kwa Shangazi, maana tangu arudi alikuwa hajakwenda kumsalimia. Alikuwa anaona aibu.

Akakuta Shangazi ana mtu jikoni. Mukamusoni, mama mmoja mwenye asili ya Rwanda anayefanya vibarua kwenye kahawa za watu, amembeba mgongoni binti yake Dusabe mwenye homa. Juzi alikuwa amepewa majani ya kuchemsha. Leo amerudi na kahawa kavu ya kutafuna, ile tunayoiita akamwani, ameifunga kwenye jani la mgomba. Shangazi akatia punje mbili mdomoni, akatafuna taratibu.

"Mgonjwa ameamkaje?"

"Joto limeshuka, mama waitu, ila jioni linarudi."

"Vidonge vya zahanati anameza?"

"Anameza."

"Haya. Sasa nikupe yenyewe."

Akashusha kopo lenye matundu kitakoni, limejaa majivu. Majivu ya maganda ya ndizi, hayohayo bibi zetu walilainishia maharage kabla magadi hayajaanza kuuzwa dukani. Akamimina maji juu, yakachuja tone, tone, tone, yakaangukia kwenye sufuria ya majani. Dawa ya kijani ikageuka nyekundu kama tofali.

Projest alikuwa amesimama mlangoni. Akakaa chini, sakafuni, na sukari yake.

Mtu wa kawaida angeona rangi. Yeye aliona kiungo. Maji ya majivu yanakata, hilo anafundishwa mtoto yeyote wa kemia, na kwenye kidude kile pa kukatika palikuwa mahali pamoja tu: pale kichwa kinapoungana na mkia. Kilichoua homa hakikuwa kidude kizima. Kilikuwa kipande. Kizima kilikuwa mfuko tu wa kukibebea, na yeye alikuwa ameushona mfuko huo miaka mitano usifunguke.

Mukamusoni alipoondoka na chupa yake, Projest akainuka.

"Shangazi, hayo maji hukuniambia."

"Hukurudi."

"Si ungeniambia kwenye simu!"

"Kwenye simu?" Shangazi akacheka, cheko fupi lisilo na furaha. "Projest, dawa inaombwa mara mbili. Siku ya kwanza nakupa nusu. Ukirudi na akamwani yako, ukanieleza mgonjwa ameamkaje, ndipo najua una mgonjwa kweli, hukuja kuchukua tu. Baba yako, tumetoka tumbo moja, alirudi. Huyu mama hata Kinyambo chetu hakijui vizuri, amerudi. Wewe ndiye uliyekuwa unapokea kahawa za watu pale mlangoni, una miaka sita. Hukujua?"

Alijua. Majivu hakuwahi kuyaona, yalichujwa yeye akiwa mlangoni, lakini desturi ya kurudi aliijua. Alijua vizuri kuliko anavyojua kemia, ila siku ile ya glavu alijiona yeye siyo mwombaji. Utaratibu ule ni wa wagonjwa, yeye ni mtaalamu, ana karatasi.

"Nimekaza miaka mitano kitu ambacho unakivunja kwa majivu."

"Ungerudi," akasema Shangazi. "Nilikungoja. Mwaka wa kwanza nilikungoja kila basi."

Projest akapanda kule juu kwenye mibuni, ndiko mtandao unakopatikana, akampigia Desderius. Alieleza kwa pumzi moja: majivu, kiungo, kipande. 

"Vipande," Desderius akasema. "Na mlango wa gari."

"Nisamehe, Profesa. Nipe miezi mitatu. Naanza na sampuli za zamani."

"Jokofu limesafishwa. Chumba amepewa mtu wa chanjo za kuku."

"Basi nitaleta majani mapya. Tutaandika maombi upya."

"Kwa nani, Projest? Ripoti ya mwisho imeshatoka, mfadhili yeyote akitafuta mmea huo ataikuta. Imesema hauna nguvu, usipotezewe muda tena. Imesainiwa."

"Na nani?"

"Na wewe."

Aliposhuka, Shangazi alikuwa bado jikoni anakwangua sufuria. Begi la Projest lilikuwa na nakala ya ripoti hiyo, akaifuata nyumbani, akarudi nayo. Hakuna aliyemwambia ailete. Nadhani alitaka mtu amtukane vizuri.

"Ndiyo karatasi yenyewe hiyo?" Shangazi akauliza. "Inasemaje kuhusu majani yangu?"

"Imeandikwa Kiingereza."

"Na wewe si ndiyo ulikwenda kukisomea. Nisomee."

Akasoma, akitafsiri neno kwa neno, sauti inazidi kushuka. Kwamba majani ya mti huo yalichunguzwa kwa miaka minane. Kwamba hayana nguvu ya kutosha dhidi ya malaria. Kwamba sifa zake kijijini huenda zinatokana na imani ya watumiaji.

Shangazi aliacha kukwangua.

"Imani."

"Ndivyo tulivyoandika."

"Na jina langu umeliweka humo?"

"Liko, Shangazi. Ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani. Jina kamili na kijiji."

"Lifute."

Projest akaikunja karatasi mara mbili, akaikunjua tena, akaiangalia kana kwamba labda pangekuwa na namna.

"Haifutiki," akasema. "Imeshasambaa dunia nzima."

Shangazi akachukua sufuria yake, akatoka nje kumwaga maji.