Bati Chini ya Majani ya Migomba

Nilisomeshwa sekondari ili niwe karani, nikaishia kuwachekesha watu. Ukarani ulitaka niishi mbali, nami ni kitinda mimba. Kwa desturi yetu kihamba cha baba, yaani shamba la migomba lenye nyumba, humbakia mdogo, na mdogo hukibakia kihamba. Kaka zangu walikwenda Tanga na Nairobi. Mimi nikifika Moshi mjini tu, adhuhuri haijapita nimeshaanza kuwaza ndizi za nyumbani.

Basi nikajitungia mtu wangu: fukara anayejivunia ufukara. Nilimvika gunia la kahawa na kofia iliyotoboka. "Nyumba yangu," alikuwa akisema, "mvua ikianza tunatoka nje tujikinge." Kuanzia Masama mpaka Mkuu, mlima mzima, watu walicheka mpaka wakamwaga mbege, pombe yetu ya ndizi. Ikawa arusi bila fukara wangu si arusi, na hata mjini wakaanza kuniita ukumbini.

Mjini walinilipa shilingi. Huku mlimani, mbuzi. Shilingi na mbuzi vikageuka mitamba. Lakini fukara gani ana zizi? Nikawaweka ng'ombe kwa watu, kama wazee walivyofanya tangu zamani: wewe utalisha, utakunywa maziwa na kuchukua mbolea, ila ng'ombe ni wangu. Kila mfugaji alidhani wake ndiye ng'ombe wangu pekee. Na kwa kuwa alipenda majirani wadhani ni mali yake, alinyamaza. Utajiri wangu wote ulikuwa ukicheua kwenye mabanda ya watu, nami natembea peku.

Paa letu lilikuwa la majani, na kweli lilivuja. Masika moja mke wangu alihamisha kitanda cha watoto pembe hii na ile, mpaka pembe zikaisha. Akaniambia, wala hakupaza sauti, "Baba watoto, hiyo mvua unayowachekeshea watu, mimi ninalala nayo."

Nikamtwaa ng'ombe mmoja kwa mfugaji wa Kibosho, nikamuuza, nikanunua bati mjini. Zilipandishwa na lori mchana kweupe, nami nimezikalia kama bwana harusi. Ndilo kosa langu. Paa likaezekwa, mke wangu akawa anatoka uani kulitazama tu.

Jumamosi ile nilikuwa na arusi. Nikavaa gunia langu, nikafika pale pa mvua na kutoka nje. Shemeji wa bibi harusi akauliza taratibu, kama anayeulizia bei ya chumvi, "Mzee, na zile bati ulizozikalia?"

Hakuna aliyecheka. Hata waliokuwa na mbege mdomoni waliimeza vizuri tu. Nilishuka njia nikiwa na gunia kwapani. Miezi miwili hakuna aliyeniita, si mlimani wala mjini.

Nifanye nini? Kazi nyingine sikuijua, na kuhama nyumbani sikuweza. Nikapanda ngazi na mafungu ya majani makavu ya migomba, nikayafunga juu ya bati mpaka halikuonekana hata doa. Nikatangaza kwenye soko la kahawa kwamba bati zilikuwa za kaka yangu wa Nairobi, amekuja kuzichukua. Wakanihurumia. Wiki ile ile nikaitwa arusi mbili.

Mvua iliponyesha tena, hakikudondoka kitu. Mke wangu alikuwa ameketi na ukili wake, ameinua uso, anasubiri. Bati likipigwa na mvua kijiji kizima hujua mmeezeka. Majani yaliunyamazisha mlio wote.

"Hata mlio wake umeninyima," akasema.

Nilikuwa natafuta jibu la kuchekesha, jirani mmoja akabisha hodi. Mke wangu akainuka, akachukua beseni, akaliweka katikati ya chumba, akamimina humo maji kidogo ya mtungini.

"Karibu, shemeji," akasema. "Pita huku pembeni, usilowe."