Vidonge vya Tupokigwe na Maji ya Maganda

Tupokigwe wa Masukulu alizaliwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kutaka kujua. Akipanda maharage, siku ya tatu anafukua aone yamefikia wapi. Miaka ile biashara ilipofunguliwa na maduka yakafurika vitu, mumewe Andongwisye alinunua redio pale Kiwira. Wiki haikuisha, mama ameshaifungua kwa kisu cha jikoni aone sauti inapitia wapi. Redio ikanyamaza moja kwa moja. Maskini Andongwisye alinuna mwezi mzima, na haki alikuwa nayo.

Lakini mwaka 1996, mimba yake ya nne ilipofika miezi mitano, hamu ile ilichanganyika na hofu. Uzazi wa tatu ulikuwa umemtoa damu hadi akapoteza fahamu. Wanaume walimbeba juu ya benchi la kanisa mpaka Tukuyu, na alipozinduka aliwakuta wakwe zake wameshaanza kulia. Hakutaka kurudi huko, jamani. Alitaka damu ya kutosha mwilini kabla ya siku ya kujifungua, basi.

Kliniki alimkuta Sista Generosa, muuguzi mwenyeji wa Bukoba aliyehamishiwa Tukuyu. Sista alimtoboa kidole, akasema damu iko chini, kisha akamweleza habari ya utafiti. Wajawazito watapewa vidonge vyenye madini ya chuma, vya kuongeza damu. Kundi moja litapata chuma kila siku, kidogo kidogo. Kundi jingine litapata kidonge kimoja chenye nguvu kwa wiki, na vile sita vinavyobaki havina kitu. Vyote vinafanana, na kila mama anameza kimoja kila siku. Wataalamu wanataka kujua ni njia ipi inaongeza damu vizuri zaidi. Asiyetaka kuingia atapewa vidonge vya kawaida vya kliniki.

"Mimi niko kundi gani, Sista?"

"Sijui, mama."

"Unanificha."

"Kweli kabisa sijui. Hata daktari hajui. Tukijua, tutaanza kuona kile tunachotaka kukiona."

Loo! Muuguzi hajui anachogawa! Tupokigwe hakuwahi kusikia jambo tamu namna ile. Akaandika jina lake pale pale.

Siku nne alitulia. Siku ya tano alikuwa anamenya ndizi kwa kisu alichokisahau usiku kucha kwenye maganda mabichi. Kisu kilikuwa cheusi, na maji ya maganda yale yamekuwa kama wino. Kila mwanamke wa Rungwe ameliona hilo. Analalamika, anasugua kisu, yamekwisha. Yeye alisimama nacho mkononi. Kama chuma cha kisu kinafanya hivi, chuma cha kidonge je?

Ndizi zikaachwa nusu zimemenywa. Alichukua pakiti ya wiki inayofuata, yenye vidonge saba vilivyoandikiwa siku zake. Hakutaka kupoteza dawa, kwa hiyo alikwangua chembe tu kwa wembe kutoka kila kimoja, akazitia kwenye vifuniko saba vya chupa za soda vyenye maji mapya ya maganda. Akachuchumaa, akangoja. Jumapili, hakuna kitu. Jumatatu, hakuna. Akasogeza uso karibu. Hadi Ijumaa maji ni yale yale. Cha Jumamosi kikageuka cheusi tii.

Alipiga kigelegele peke yake jikoni. Kisha akakaa chini, na furaha ikamwisha. Siku sita anameza chokaa? Yeye, aliyebebwa kwenye benchi? Kesho yake alifika Tukuyu bila kungoja tarehe yake ya kliniki.

"Kwa maganda ya ndizi?" Generosa aliuliza.

"Ya ndizi, Sista."

"Kwetu Bukoba tunamenya ndizi tangu tunajua kutembea, na sijawahi kuwaza hilo!" Alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu akaacha kucheka, akavuta kadi ya Tupokigwe. "Nitakupa vidonge vya kawaida, vya chuma kila siku, wala sina kinyongo. Ila kwenye utafiti unatoka. Umeshajua."

"Nilitaka kujua tu."

"Na sisi ndicho tunachotaka, mama."

Alijifungua salama, mtoto wa kike. Damu ilitoka kiasi cha kawaida, na safari hii hakuna mkwe aliyelia. Sista alipokuja kumtazama, Tupokigwe alikuwa na swali lake tayari.

"Sasa kilichoniokoa ni kipi? Kile cha Jumamosi, au hivi vya kila siku?"

"Kwako wewe hatutajua kamwe. Ulivichanganya."

Neno hilo lilimuuma, tena lilimuuma sana. Alilala anatazama dari, na mtoto ananyonya, na yeye hajui.

Wiki mbili baadaye wifi yake Esnath aliingia jikoni, mimba ya miezi saba, na pakiti ya vidonge vya utafiti ule ule mkononi. Habari za vifuniko zilikuwa zimemfikia.

"Nipimie, wifi. Naogopa."

Tupokigwe aliitazama pakiti. Vidole vilimwasha kweli kweli. Alitaka kuona kuliko hata Esnath mwenyewe. Maganda yalikuwa pale pale, na wembe ulikuwa pale pale.

"Sipimi."

"Wewe umejua chako, mimi nibaki gizani?"

"Nimejua, wakanitoa. Kwangu hawatapata jibu tena." Akamrudishia pakiti, akamfunga vidole juu yake. "Nenda ukavimeze vyote, wifi, kila siku kimoja. Mimi hapa nangoja kujua."