Mkalimani Aliyejua Siri Yangu Ni Mama wa Maombi

Admin, nifunikie jina tu, mji unaweza kuuacha. Columbus hapa Marekani tuko wengi.

Nina miaka ishirini na minne. Ni Mkongomani niliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, ndiyo maana wenzangu kanisani wananitania kwamba naongea Kiswahili cha redio. Nafunga maboksi ghalani, na naishi Reynoldsburg, pembeni ya jiji, kwa mama yangu mdogo aliyenilea tangu mama alipofariki. Nina ujauzito na nimeamua kuutoa. Wale wa kunitumia mistari ya Biblia, naijua, nimeimba kwaya. Sikuja kuuliza hilo.

Aliyenipa mimba ni Mkenya anayesoma Louisville. Tulijuana harusini, akawa anakuja wikendi, akaahidi kujitambulisha nyumbani. Nilimwambia kwa simu. Akasema, "Aki hii si time poa, niko na exams. Wacha nitakucall." Hiyo simu naingoja mpaka leo. Rafiki yangu wa tangu kambini, ambaye angekuja bila kuulizwa, alihamia Buffalo na bosi wake hampi ruhusa. Tulilia wote wawili kwenye simu, basi.

Nikaenda kliniki peke yangu. Huku Ohio hawakufanyii siku ya kwanza. Unaenda kwanza unapimwa na kuelezwa, ndipo unarudi siku nyingine. Kiingereza changu ni cha kazini, beba hiki, weka kile, harakisha. Cha mambo ya tumbo sina. Nesi akaniuliza kama nataka mkalimani wa simu, nikakubali. Akaweka simu mezani, na sauti ikasema, "Jambo dada, mimi ni mkalimani wako."

Sauti hiyo niliijua papo hapo. Kanisani kwetu tuna maombi ya simu, kila alfajiri tunaingia kwenye laini moja kabla ya watu kwenda kazini. Anayeongoza ni mama mmoja, nimwite Mama Furaha. Sauti yake naisikia kwa simu mara nyingi kuliko ninavyouona uso wake. Na yangu anaijua, maana nimetoa maombi mengi pale. Ningeweza kusema sitaki, nimeelewa, asante. Lakini nilikuwa sijaelewa kitu, na niliogopa sana. Kambini nilimwona dada mmoja akifa kwa mizizi na vijiti, nikadhani ndivyo ilivyo popote.

Mama Furaha akatafsiri yote bila kuruka neno. Kwamba daktari atanipiga ganzi, atalegeza mlango wa kizazi, kisha atapitisha bomba jembamba linalonyonya kilichomo. Hakuna kuchanwa wala kushonwa, na kazi yenyewe ni dakika chache. Tumbo litauma kama la hedhi, pengine zaidi. Nivae nguo pana, nibebe pedi, nimeze antibiotiki mpaka ziishe. Damu ikilowesha pedi mbili kubwa kwa saa, saa mbili mfululizo, au nikipata homa, au maumivu yakikataa dawa, nipige simu saa yoyote, nisione haya. Nikauliza, "Nitapata watoto tena?" Mama Furaha akauliza kwa Kiingereza, nesi akajibu, naye akaniambia, "Ndiyo. Ikifanywa hivi, kwa usafi, kwa kawaida haikuzuii kuzaa baadaye."

Halafu likaja swali lililoniua. Nikitaka dawa ya kunisinzisha, nisile kitu tangu usiku, na lazima nije na mtu mzima wa kunirudisha nyumbani, la sivyo hawanipi. Nikichagua ganzi peke yake naweza kuja na kuondoka mwenyewe, ila nitakuwa macho. "Una nani wa kukuleta na kukurudisha?" Nikasema sina. Wakalimani huwa wanasema "mimi" kana kwamba ndio wanaoongea. Basi nikamsikia Mama Furaha, mwenye nyumba inayojaa watu kila Jumapili, akimwambia nesi kwa Kiingereza, "I don't have anyone." Hapo ndipo nililia.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani. Mama Furaha huwa ananikumbatia mlangoni kabla sijavua koti. Safari hii alinipita. Hakunikunjia uso, hakunong'ona na mtu, alipita tu kama hanijui. Na kwenye maombi ya alfajiri hakuna aliyetaja lolote, kwa hiyo hajasema. Nimeambiwa wakalimani wanakatazwa kuonyesha kwamba wanamjua mteja mpaka yeye aanze. Labda ni hivyo. Labda pia amenichukia. Silali nikiwaza.

Mama mdogo ameona. Jana alisimama mlangoni na kijiko mkononi, akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo chenye Kifaransa, "Bon, weye uko na nini? Chakula haukule, kuongea hauongee. Donc kama kuna kitu, unaniambia mimi, hapana?" Nikamwambia ni uchovu wa kazi. Nampenda, lakini hili akilijua ataanguka, na akisimama atanifukuza.

Miadi yangu ni wiki ijayo. Hapa mjini, mwenye gari na anayejua ni Mama Furaha peke yake. Nikimwendea, huenda nikamtia matatani na kazi yake, huenda akasema hajui naongelea nini, na sitaweza kukanyaga tena kanisa lile, ambalo ndilo watu wote nilionao katika nchi hii. Nisipomwendea, nakwenda na ganzi yangu, macho, kisha napanda mabasi mawili na tumbo linauma.

Nishaurini ndugu zangu, hasa mliowahi kupita hapa. Nimfuate au nimwache? Wa kunihukumu nitawapata bila kuwatafuta. Nahitaji mtu mmoja tu ambaye daktari akimaliza, nesi akitoka nje na kuuliza nani amekuja na huyu, atasimama.